Hesabu ya Nzi wa Masika

11 Mei

Kaka,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto. Sisi huku tu wazima. Shemeji yako amehamishiwa zamu ya asubuhi, hivyo sasa tunakula pamoja jioni, jambo ambalo halikuwapo tangu Januari. Mwanangu mdogo ameng'oka meno mawili ya mbele na anaongea kama kizee. Mvua haijakatika kwa siku kumi na mbili. Nguo zinakaukia migongoni mwa viti.

Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei. Barua huwezi kuikata.

Jumatano, tarehe 7, saa nne asubuhi, lori lilishusha kreti thelathini na mbili zenye alama yako ya msalaba wa bluu. Ziliangukia meza yangu. Unaijua kazi yangu: natoa chungwa moja katika kila kreti, nalikata mara mbili, nalifungua chini ya taa. Nilikata thelathini na mawili. Kumi na saba yalikuwa na funza. Chungwa la kreti ya tano lilipofunguka, funza mmoja alijikunja akaruka mpaka kwenye mkono wa koti langu. Msichana wa meza ya pili alicheka akaniuliza kama huyo ni wa kufuga. Hakujua kuwa mzigo ni wa ndugu yangu, nami sikumwambia. Niliandika "Umekataliwa" kwa mkono wangu, nikapiga muhuri.

Huu ni mwaka wa pili mfululizo. Mama amenitumia ujumbe wa sauti kwamba baba mdogo ameitisha kikao cha familia Desemba. Anataka michungwa ing'olewe na udongo wa shamba ufyatuliwe matofali. Mama hajakubali wala hajakataa. Ameniuliza mimi, kwa kuwa ndiye niliyesoma na ndiye ninayeyaona matunda yakikatwa. Nitampa jibu kabla ya kikao, na nadhani atalifuata.

Kwa leo jibu langu ni hili: shida si miti, wala si dawa. Shida ni mkono. Ratiba ya Baba iko ukutani mwa stoo kwa rangi nyeupe, vifuniko viwili kwa pampu, kila baada ya siku kumi na nne, mwaka mzima. Baba hakuiota. Aliipima mwaka mzima, na mimi ndiye niliyemhesabia nzi kwenye mitego. Mtu anayeifuata hawezi kupata kumi na saba kwa thelathini na mawili. Hukuitwa Nusu Kifuniko bure.

Msalimie wifi.

Mdogo wako

—

30 Mei

Karani,

Marahaba. Najua hukuniamkia, lakini nimeona niitikie tu ili mmoja wetu aonekane amelelewa. Sisi hatujambo. Wifi yako amefyeka upande wote wa juu wa shamba peke yake. Mbuzi mweusi amezaa mapacha. Mama goti linamsumbua kwa sababu ya unyevu, ila ulimi wake hauna baridi yabisi.

Barua yako ilisomwa hapa kwa sauti na binti yangu mkubwa, maana nilidhani ni ya salamu. Alipofika pale pa Nusu Kifuniko aliuruka mstari. Niliusoma mwenyewe baadaye. Yeye ana miaka kumi na mitatu na ana adabu ya kuruka mstari. Wewe una thelathini na mitano.

Sasa sikiliza. Ukuta naufuata. Vifuniko viwili, vimejaa mpaka ukingoni, siku ya kumi na nne hainipiti hata kama nina homa. Kuanzia Julai mpaka Oktoba mkono ni huu huu na pampu ni hii hii. Mzigo wangu wa Septemba ulipita mezani kwako pia. Ulikata ukakuta nini? Siku hiyo hukupata kalamu.

Masika ni dunia nyingine. Napiga dawa asubuhi, adhuhuri mvua inaiosha, jioni nzi wametua kwenye majani yale yale wanapangusa miguu kama wageni waliokaribishwa. Na nzi wenyewe si wale wa kiangazi. Hawa ni wakubwa, wana michirizi ya manjano, wanapanda kutoka kwenye mapera pori ya bondeni kwa makundi, na joto la mvua linawaangua haraka hata siku kumi na nne zinakuwa nyingi mno. Kabla sijarudi na pampu, watoto wao nao wameshaoa. Namna hiyo vifuniko viwili ni kuwaogesha tu.

Nilimwambia Baba maneno haya mwaka ule ule wa hesabu yenu. Alinijibu kwa lile jina ulilolitumia.

Mwambie Mama unachotaka. Lakini kabla ya kumwambia, njoo usimame chini ya mti mmoja wakati wa mvua, nusu saa tu. Nitakupa mwavuli.

Kaka yako

—

22 Juni

Kaka,

Shikamoo. Natumaini safari hii umetosheka.

Nimefurahi kusikia habari za mbuzi. Mpe Mama pole ya goti. Nimempa dereva wa basi la Alhamisi mafuta ya kuchua, mwulize kituoni. Huku mvua zimekatika tangu tarehe 4. Shemeji yako ameziba paa la jikoni kwa lami, na sasa jikoni kunanuka lami.

Kuhusu nzi, sibishani na mtu anayepima kwa macho. Unasema ni wakubwa, unasema ni wengi. Wangapi? Mtego upi? Tarehe ngapi? Kila mvivu ana hali ya hewa ya kumtetea.

Daftari la Baba ninalo mimi. Alinipa mwenyewe mwaka aliofariki. Hulijui, kwa sababu hakutaka ulishike, kwa hiyo nakunakilia ukurasa wa masika kama ulivyo. Hizi ni hesabu za mtego wa nne, ule wa katikati ya shamba, zilizochukuliwa kila Jumapili, dawa ikipigwa kama ukuta unavyosema:

2 Aprili: nzi 9
9 Aprili: nzi 11
16 Aprili: nzi 8
23 Aprili: nzi 8
30 Aprili: nzi 9

Ukurasa wa Agosti una nane, saba, tisa, kumi. Unaona? Masika na kiangazi ni kitu kimoja. Dawa iliwashika nzi mvua zikinyesha, mradi kulikuwa na mtu wa kuhesabu. Tarehe 2 Mei nilirudi shuleni. Baba, aliyekuwa kazini mbali tangu Machi, alirudi tarehe 10, akakuta machungwa yamejaa funza. Alifanya hesabu ambayo hata mtoto angeifanya: karani yupo, nzi wachache, karani hayupo, nzi tele. Aliyebaki na chupa ya dawa ni wewe. Nusu ya pili ya kifuniko ulimuuzia nani, hatukujua, na sasa haina maana.

Yenye maana ni ya leo. Kama unaendelea kupunja dawa, sema, tuokoe miti. Kama huwezi kusema, nitamwandikia Mama kwamba baba mdogo ana haki. Heri matofali kuliko aibu kila mwaka mezani kwangu.

Mdogo wako

—

9 Julai

Karani,

Mafuta ya kuchua yamefika. Mama anakushukuru. Kikongwe jirani yetu, yule fundi baiskeli, amefariki, tumezika Jumamosi. Kiangazi kimetulia na nzi wamepungua wenyewe, kama kawaida yao.

Nimeusoma ukurasa wako mara nyingi kuliko ninavyosoma kitu chochote. Ni kweli, daftari lile sikuwahi kulishika. Kwa miaka kumi na tisa nilijua tu kwamba "hesabu zinaonyesha". Hakuna aliyenionyesha zinaonyesha nini. Basi nikushukuru.

Mimi niliishia kidato cha tatu, kwa hiyo usinione mjuaji, nauliza tu. Nyumba iko ng'ambo hii ya mto na shamba zima liko ng'ambo ile. Tarehe 12 Aprili mwaka ule maji yalilibeba daraja. Hilo nalijua kwa sababu kulijenga upya nilipewa mimi, na siku tuliyomwaga saruji ya nguzo niliandika tarehe kwa msumari ikiwa bado mbichi: 6 Mei. Nimekwenda jana kuangalia. Bado inasomeka.

Kati ya tarehe hizo mbili, njia ya kufika shambani ilikuwa moja, kuzunguka kwa barabara kuu. Saa mbili kwenda, saa mbili kurudi. Mimi niliizunguka mara mbili, pampu mgongoni, dawa imefungwa kwenye nailoni shingoni isilowe. Sikukuona barabarani.

Nzi wa tarehe 16, na wa tarehe 23, na wa tarehe 30, uliwahesabia wapi?

Kaka yako

—

14 Septemba

Kaka,

Shikamoo. Nakuomba radhi kwa kuchelewa. Kulikuwa na mambo mengi. Mwanangu mdogo alipata tetekuwanga, akamwambukiza baba yake, na mtu mzima akiugua tetekuwanga nyumba nzima inaugua. Sasa wamepona, wamebaki na madoa. Kazini tumepata taa mpya. Pole kwa msiba wa fundi baiskeli. Alinitengenezea kiti cha nyuma nikiwa darasa la tano, na hakutaka malipo.

Nimefanya jambo ambalo litakufaa kwenye kikao. Yale machungwa yako yaliyokataliwa sikuyatupa yote. Niliyaweka kwenye ndoo yenye mchanga nyuma ya stoo yetu, nikaifunika kwa kitambaa cha chandarua. Funza waliingia mchangani, na baada ya siku chache wakatoka nzi. Niliwahesabu hamsini, nikawaweka kwenye chupa niliyoipaka dawa ile ile unayotumia, kwa kipimo cha vifuniko viwili. Baada ya siku nzima, waliokufa walikuwa ishirini na mmoja. Hiyo ilikuwa tarehe 2 Juni.

Agosti nilirudia na nzi wa kiangazi kutoka mzigo mwingine. Dawa ya chupa ile ile, kipimo kile kile, nzi hamsini. Tarehe 19 Agosti walikufa arobaini na saba.

Kwa hiyo inaonekana kuna ukweli fulani katika maneno yako kwamba nzi wa masika ni wagumu kuliko wa kiangazi, hata kabla ya kuhesabu mvua inayoosha dawa. Sijui kama ni aina tofauti au ni unene wao. Nitalieleza hili kwa Mama kwa lugha nyepesi. Naamini linatosha kukuondolea lawama ya miaka hii miwili.

Habari za daraja ni za zamani sana na sina kumbukumbu nazo. Nashauri tusifukue. Tuangalie mbele.

Mdogo wako

—

25 Septemba

Karani,

Salamu utazipata kwa wifi yako, ameambatanisha karatasi yake. Mimi sina.

Hukujibu.

Umeniletea chupa mbili za nzi kama mtu anayemrushia mbwa mfupa ili apite mlangoni. Na hata mfupa wenyewe una tarehe, maana huwezi kuandika kitu bila tarehe, ndivyo ulivyoumbwa. Chupa ya kwanza uliihesabu tarehe 2 Juni. Barua ya kuniita mvivu na mwizi uliiandika tarehe 22 Juni. Siku ishirini ulikuwa unajua kwamba nzi ishirini na tisa katika hamsini walikunywa vifuniko viwili vizima wakatembea. Ukaandika tu.

Unasema nitaondolewa lawama ya miaka miwili. Nani kakuambia ninataka ya miaka miwili?

Nikukumbushe, maana kumbukumbu zimekuishia. Baba alikuwa amesema mimi nikae nje ya shule muhula mmoja, machungwa yakiuzwa nirudi. Tarehe 21 Mei aliniita uani mbele ya baba mdogo na wachumaji wote. Alishika kifuniko, akajaza maji nusu, akaniambia ninywe, nionje ninavyowapa nzi. Baba mdogo ndiye aliyenibatiza hapo hapo, watu wakacheka. Nilimwambia Baba nimezunguka kwa barabara kuu na mzigo, nimepiga kila mti. Alinijibu kwamba daftari halina sababu ya kusema uongo. Sikurudi shule tena. Mpaka anakufa, ufunguo wa stoo ya dawa aliulalia chini ya mto, akinipimia kila asubuhi kama mtoto anayepewa dawa ya minyoo.

Watu hapa hawajui jina langu. Mnunuzi wa mbegu aliniuliza juzi, "Mzee Nusu, jina lako la kwanza ni nani?" Alidhani ni jina la ukoo.

Wewe unaandika shajara tangu darasa la saba. Ulikuwa unaificha kwenye mfuko wa mchele na sote tulijua. Sitaki chupa. Sitaki lugha nyepesi kwa Mama. Fungua shajara ya mwaka ule, soma Jumapili tatu, uninakilie kama ulivyoninakilia daftari.

Kikao ni Jumamosi tarehe 6 Desemba. Kama utakaa kimya, sema hivyo hivyo unakaa kimya, nami nitajua ning'oe kisiki gani kwanza.

Kaka yako

—

19 Oktoba

Kaka,

Shikamoo. Sote wazima.

Shajara ya mwaka ule haikupotea. Iko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, na nilikuwa nimeshaifungua Julai, siku tatu baada ya barua yako. Nilipokuandikia kwamba sina kumbukumbu, nilikuwa nazo. Nanakili:

"12 Aprili. Mvua usiku kucha. Daraja limekwenda na maji. Mama anasema bahati hakukuwa na mtu.

16 Aprili. Jumapili. Mvua. Kuzunguka ni mbali na viatu vyangu vimepasuka. Nimejaza 8.

23 Aprili. Jumapili. Mvua. Nimejaza 8. Kaka amerudi saa kumi na moja kutoka kupiga dawa, amelowa mpaka ndani, amelala bila kula.

30 Aprili. Jumapili. Manyunyu. Nimejaza 9 ili zisifanane sana."

Na huu hukuuomba, lakini upo:

"11 Juni. Nimefika likizo. Baba amelifungua daftari mezani mbele ya baba mdogo, amesema huyu mtoto ana macho. Amesema ada ni ya mmoja na itakuwa ya mwenye mkono safi. Kaka alikuwa mlangoni. Sikusema. Nitasema kesho."

Tarehe 12 Juni nimeandika kuhusu mtihani wa hesabu.

Sikukusudia kukuangamiza. Nilikusudia kutolowa. Nilidhani Aprili ingefanana na Machi, na Machi nilihesabu kweli: nane, tisa, nane. Sikujua kwamba ni mvua ndiyo inayobadilisha kila kitu, na kwamba zile Jumapili tatu ndizo hasa Baba alizihitaji. Aliandika "mwaka mzima" ukutani kwa sababu yangu. Baadaye nilijua, maana kazi yangu imenifundisha, na kila nilipokukasirikia kwa ajili ya kreti zako ilikuwa rahisi kuliko kukumbuka. Nilihitaji uwe mwizi. Ungekuwa si mwizi, mimi ningekuwa nani?

Niliandika samahani hapa nikaikata, kwa kuwa najua ungeitupa, na ungekuwa na haki.

Usidhani nimelainika. Mwaka wa kwanza wa kukataliwa ungeweza kunipigia ukaniuliza nilichokiona mezani, nami ningeweza kukuambia ubadili. Ulipendelea kunyamaza na kuwa na haki peke yako. Hilo nalo limeoza machungwa.

Kuhusu masika, haya ndiyo ninayoweza kuyasimamia. Usipige mti mzima. Changanya dawa na chambo, weka matone upande wa chini wa majani pasipooshwa na mvua, na urudie kila siku saba, au mara mvua kubwa ikikatika. Dawa ya aina moja isitumike misimu yote. Tutafute ya pili. Matunda yaliyoanguka yaokotwe kila jioni, yafungwe kwenye mifuko myeusi ya nailoni, yaachwe juani mpaka funza wafe. Mapera pori ya bondeni yakatwe. Kiangazi, ratiba ya Baba inatosha.

Ndani ya bahasha hii kuna bahasha nyingine, ya Mama. Nimeandika yote niliyokuandikia wewe, pamoja na kurasa za shajara, na nimesema miti isiguswe na shamba libaki mikononi mwako. Hajui kusoma na wewe ndiye unayemsomea, kwa hiyo uamuzi ni wako kama atasikia au la. Kwenye kikao sitakuja. Sina ruhusa kazini.

Hilo la ruhusa si kweli. Siwezi tu kuja.

Mdogo wako

—

12 Desemba

Karani,

Bahasha ya Mama ilifika imefungwa, nikaiweka hivyo hivyo juu ya kabati kwa wiki tano. Wifi yako alinisihi niisome faraghani kwa Mama, yaishe. Nilikataa. Nilitukanwa uani mbele ya watu. Sikutaka kutakaswa chumbani.

Jumamosi walikaa watu kumi na mmoja. Baba mdogo alianza kwa kupima shamba kwa midomo, matofali mangapi kwa mwaka, malori mangapi. Alipomaliza nikasema kuna barua ya Mama kutoka kwa karani, na kwa kuwa mimi ni mtuhumiwa si vizuri niisome mimi. Nikampa yeye. Alifurahi. Alijua wewe uko upande wake, maana ulikuwa upande wake. Akavaa miwani, akasimama kabisa.

Salamu alizisoma kwa sauti ya mimbari. Alipofika tarehe 16 Aprili alisoma polepole. Alipofika "Kaka amerudi amelowa" alikaa. Pale pa mkono safi alikunja karatasi, akasema mwandiko haueleweki, tuendelee na mengine. Mama akamwambia, "Umeusoma vizuri tangu mwanzo. Malizia." Akamalizia. Alisoma mpaka sahihi yako.

Kisha Mama aliniuliza kama siku zile za daraja nilizunguka kweli kwa barabara kuu. Nikasema mara mbili. Akaniuliza kwa nini sikumwambia yeye. Nikamwambia nilimwambia, uani, na alikuwepo, ameshika ungo. Hapo alifunika uso kwa kanga, na mimi nikatoka nje, kwa sababu kuna mambo ambayo hata mwenye haki hapaswi kuyaangalia.

Miti inabaki. Matofali yatafyatuliwa kwingine. Baba mdogo aliniita pembeni akaniambia ulikuwa utani tu wa siku zile. Nilimwambia ulikuwa utani mrefu.

Ratiba nimeipaka chokaa. Mvua zilianza tarehe 9 Novemba. Mtego wa nne nimeuhesabu mwenyewe, nikiwa nimelowa. Tarehe 16 Novemba, kwa dawa ya zamani: nzi 143. Baada ya hapo nilianza matone ya chambo na mifuko myeusi. Tarehe 23: nzi 97. Tarehe 30: nzi 58. Tarehe 7 Desemba: nzi 41. Si kitu cha kujivunia, bado funza wapo, lakini ni hesabu ya kweli na unaweza kuiandika kwenye daftari lako. Ushauri wako ulikuwa mzuri. Ungekuwa mzuri zaidi miaka kumi na tisa iliyopita. Hilo la kutopiga simu ni kweli pia, na sitaliandika mara ya pili.

Watoto bado wanaitwa wa Nusu huko shuleni. Jina haling'oki kwa barua moja.

Mama ananihimiza kila asubuhi nikuulize utakuja lini, na nimemwahidi kwamba nitaandika. Haya, nimeandika. Yeye anauliza. Mimi siulizi.

Kaka yako